Safari Tuliyoipanga Jikoni kwa Madam

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Sikuandika ili mtu asome huku akijibu ujumbe. Mimi niliacha shule darasa la tatu, mkono wangu ni mzito, na kila ukurasa umenitoa jasho. Mkiona nimekosea mahali, nyamazeni mwendelee. Nataka kuwaambia juu ya mwaka mmoja tu, ule mwaka nilifanya kazi kwa Madam Edith pale Kajiado, tukipanga safari ya siku tano ya kupumzika mashambani huko Uingereza. Mambo ya baba yangu na mama yangu na mahali nilizaliwa, hayo waulizeni wengine. Hayana kazi hapa.

Mwezi uliopita tulimzika Naserian. Nyinyi mlimjua kama yule mama mrefu wa Noonkopir aliyekuwa akija na mtindi, akikaa na mimi jikoni mpaka mnaanza kuuliza kama haendi kwake. Siku ya mazishi, watu walipokuwa wanakula, Resiato, kitinda mimba wake, alikuja na sahani yake akakaa karibu na mimi. Akaniambia, "Mama Kamau, nikuulize kitu. Mama alituambia sana habari za Uingereza tukiwa wadogo. Kuta za mawe bila simiti, milango midogo ya mbao ya kupita watu, kondoo wanalala nje bila mchungaji. Si ni wewe mlienda naye? Ilikuwa mwaka gani?" Mimi nilikuwa na wali mdomoni. Nikatafuna. Nilitafuna ule wali mpaka mtu akamwita kwenda kutafuta vikombe, naye akaondoka bila jibu. Naserian hakuwahi kukanyaga Uingereza. Na sababu ya yeye kutofika huko ni mimi.

Halafu Jumapili iliyopita Njeri akapiga simu ya video. Njeri ni mjukuu wangu, ni muuguzi, huu mwaka wa nne anafanya kazi huko. Tulikuwa wote sebuleni hapa Kitengela, tumetoka kanisani. "Shosho, nakuona dari tu! Kevo, mgeuzie hiyo simu." Kevo ndugu yake akanigeuzia. "Sasa Shosho, usikatae kabla sijamaliza. Mwezi wa nane nakupeleka mashambani. Siku nne. Nimepata kanyumba ka mawe, kako na bustani, na mto uko hapo chini. Nafasi ziko mbili, yako na ya mtu mmoja wa kukushika mkono kwa ndege." Kevo hakungoja. "Huyo ni mimi. Mimi nishajipanga hadi viatu." Wakacheka wote. Wanajua nilienda mara moja nikiwa msichana. Picha iko hapo ukutani, mimi nimevaa koti refu la kuazima na kondoo wako nyuma yangu. Wanafikiri ni picha ya furaha. Nikamwambia Njeri nitampa jibu, nikaenda chumbani, nikatafuta kitabu cha kuandikia.

Nyumba ya Madam ilikuwa ya mawe na mabati mekundu, juu kidogo ya barabara ya Namanga. Siku ya soko la mifugo vumbi la ng'ombe liliingia hadi ndani ya kabati la sukari. Madam alikuwa Mwingereza, mwalimu aliyestaafu, mwanamke mwembamba wa miguu iliyovimba, aliyeongea Kiswahili cha kuamrisha kwa sababu aliyemfundisha alikuwa mpishi. "Leta chai. Funga mlango. Asante sana." Nilikuwa na miaka ishirini, nikilala chumba kilicho nyuma ya jikoni. Naserian alikuwa mkubwa wangu kwa miaka miwili, ameolewa, na kila asubuhi alitoka kwa boma la mume wake na kibuyu cha maziwa mgongoni. Alinisalimia kabla hajafika mlangoni. "Takwenya!" Nami najibu, "Iko," kwa sauti yangu ya Kikikuyu, naye anacheka kila siku kama ni mara ya kwanza. Ile miezi ya mwanzo alinipa kondoo jike, mdogo, mwenye sikio moja jeusi. Kwa Wamasai, mtu akikupa kondoo hamuitani tena kwa majina. Mnaitana paker. Kutoka siku hiyo mimi nilikuwa paker wake, na yeye paker wangu, na mtu akiita "Wambui" ndani ya ile nyumba, nilijua ni Madam.

Kulikuwa na jambo lingine, nalo mlisikie vizuri. Mume wa Naserian aliitwa Parmuat, na baba yake Parmuat aliitwa Koikai. Mke wa Kimasai wa wakati ule hakutamka jina la baba mkwe wake. Hata mzee akiwa mbali, hata akiwa hasikii. Angeweza kufa njaa kabla hajalitamka. Lakini serikali na hospitali hazijui heshima ya namna hiyo. Tukienda kliniki, karani anauliza, "Mume?" Anasema, "Parmuat." "Parmuat nani?" Hapo Naserian ananigusa kwa kiwiko, na mimi nasema, "Koikai." Karani anaandika, tunaendelea. Hatukuwahi kukaa chini tukalipanga. Ilikuwa kazi yangu tu, kama vile yeye alikuwa na kazi ya kunitolea mwiba, kwa sababu mimi naogopa sindano.

Habari ya safari ilianza na barua. Dada yake Madam alikuwa amekodi nyumba kijijini kwa siku tano, akamwita aje wapumzike pamoja kabla uzee haujawashika miguu yote minne. Madam alituita jikoni, akatandika ramani juu ya meza, akaizuia pembe kwa mkebe wa chumvi, kikombe, jiwe la kusagia na kiwiko changu. "Mimi siwezi peke yangu. Mtu mmoja atakuja na mimi. Kubeba mfuko. Kushika mkono." Hakusema nani. Kutoka siku hiyo, kila saa kumi, baada ya vyombo, tulikaa kwa ile meza. Ninyi mnapanga safari kwa kidole, dakika tano mmemaliza. Sisi tulipanga miezi saba. Madam alituonyesha barabara nyembamba kama uzi, mto, kanisa, njia ya miguu inayopita katikati ya shamba la mtu. Hiyo ya njia tulikataa kuamini.

"Shamba la mtu?" Naserian akauliza. "Na mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Anakuona ukipita?"

"Anasema habari ya asubuhi."

"Huyo ni mgonjwa," nikasema mimi, na Madam akacheka hadi akatoa miwani.

Naserian yeye alitaka habari za kondoo. Wanachungwa na nani? Hakuna mtu, kuna ukuta. Na simba? Hakuna simba. Na fisi? Hakuna. Na wezi? Madam alifikiri kidogo. "Wezi wako." "Basi kumbe ni nchi ya watu," Naserian akasema, akaridhika. Alikuwa na njia ya kuuliza mpaka kitu kinasimama mbele yako. Aliuliza kama mawe ya ukuta yana baridi mkononi, kama mlango wa mbao unalia ukifunguliwa, kama kondoo wakinyeshewa wananuka sawa na wa kwetu. Madam alikuwa anafunga macho akijibu, na nadhani zile saa kumi zilimpeleka kwao mara nyingi kuliko ndege. Tulijifunza kula na uma. Tulipika kabichi ya kuchemshwa bila kitunguu wala mafuta ili kinywa kizoee, tukaimaliza kwa uchungu, na Naserian akaweka sahani chini akasema, "Paker, hawa watu walitutawala wakikula hii?" Mpaka leo nikichemsha kabichi nasikia sauti yake. Na alisema mgeni haendi mikono mitupu, kwa hivyo akaanza kushona mkufu mpana wa shanga wa dada yake Madam, kidogo kidogo, chini ya ile meza, tukiendelea kuongea.

Sasa nyinyi mnaweza kudhani nilikuwa na furaha tu. Nilikuwa nayo. Lakini kila nikiangalia ile ramani nilijiona mimi nikitembea kwa ile njia. Sikuwa nimewahi kufika hata Mombasa. Sikuwa na mume, sikuwa na shamba, kitu changu kilikuwa kondoo mmoja niliyepewa. Niliitaka ile safari hadi chakula kikanishinda.

Siku moja Abdi alikuja. Abdi alikuwa na duka la sukari na majani chai mjini, mtu wa Wajir, mpole, na alikuwa akimletea Madam vitu mwenyewe ili apate kukaa kwa veranda wasemezane. Mimi nilikuwa napiga deki nyuma ya mlango. Nikasikia Madam anasema, "Abdi, nimeamua. Nitachukua Naserian." Abdi akauliza, "Na huyu mwingine?" "Wambui ni mzuri. Lakini ni mkali. Atagombana na dada yangu." Abdi akacheka. "Mama, huyo Wambui atagombana hata na kondoo." Nilibaki nimeinama na kitambaa mkononi, maji yakinitiririka hadi kiwikoni. Si kwamba walisema uongo. Nyinyi wenyewe mnanijua. Lakini mtu akisemwa ukweli nyuma ya mlango unamwingia vibaya. Jioni hiyo nilimwambia Naserian, "Hongera," naye akanishika mikono miwili. "Paker, nitakuangalilia kila kitu. Nikirudi utaona kama ulienda."

Madam alikuwa mwalimu, na mwalimu hutayarisha kalamu mbili. Akatutuma tujaze fomu za paspoti wote wawili, ya Naserian ndiyo ya kweli, yangu ya akiba, kama kuna shida. Miguu yake ilikuwa mibaya wiki hiyo, kwa hivyo tulienda peke yetu. Ofisi gani sitasema, na yule karani hakukosa kitu, alifanya kazi yake. Tuliketi kwa benchi asubuhi nzima. Naserian alikuwa amevaa gauni la bluu la Madam, limekatwa chini. Yangu iliandikwa kwanza, haraka, jina la baba, jina la babu, kwisha. Halafu yake.

"Umeolewa?"

"Ndiyo."

"Jina la mume."

"Parmuat."

"Parmuat nani?"

Kiwiko chake kikanigusa. Mimi nikaangalia ukuta. Kulikuwa na kalenda, picha ya ng'ombe wa maziwa, na nikasoma zile tarehe moja moja kama mtu aliyetumwa kuzihesabu. Akanigusa tena, si kwa nguvu. Karani akasema, "Mama, nauliza, Parmuat nani? Jina la familia uliyoolewa." Naserian akakunja pindo la lile gauni la bluu. "Humjui mume wako?" Mtu nyuma yetu kwa foleni akacheka. "Ama wewe ni wa upande wa Tanzania? Sema ukweli." Jina lilikuwa hapa kwenye ulimi wangu. Nilikuwa nimelisema mara kumi, mara ishirini, bila kufikiri, na siku hiyo nililimeza. Karani akakunja ile fomu, akamrudishia. "Nenda ulete mume wako akuongelee." Parmuat alikuwa ameenda na ng'ombe kutafuta nyasi mbali, hakuna aliyejua atarudi lini, na tarehe ya Madam haikungoja.

Tulirudi kwa miguu. Nilingoja anitukane, na ningefurahi. Hakunitukana. Tulipofika kwa lango la Madam alisimama akatoa jiwe kwenye kiatu, akasema, "Wambui, ingia wewe umwambie." Wambui. Nilisikia kama mtu amefunga mlango. Ndani, Madam akauliza, "Kwa nini wamekataa?" Nikasema, "Hakujibu maswali." Huo haukuwa uongo. Ndiyo maana ulinikaa rohoni kuliko uongo. Madam akamtazama Naserian, na Naserian akatazama sufuria, kwa sababu hata kueleza kungemleta karibu na lile jina, na pia kungenitaja mimi. Akaenda kutoa maziwa kwenye kibuyu.

Baada ya siku hiyo saa kumi ziliisha. Madam alitandika ramani, mimi nikakaa, na Naserian akasema ana nguo za kuanua. Mezani tulibaki wawili, tukisoma orodha ya soksi. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya kweli, vijana, na nimeifanya kwa miaka mingi. Nilifikiri ile safari iko mbele. Kumbe ilikuwa pale jikoni, na mimi mwenyewe niliikata katikati.

Asubuhi ya kuondoka alikuja mapema kuliko siku zote. Akanipa ule mkufu, umemalizika, umefungwa kwa kitambaa. "Mpelekee yule dada. Nilishasema atapata." Nikaubeba.

Ya huko nitasema kidogo. Kila kitu kilikuwa kama tulivyoambiwa. Ukuta wa mawe ulikuwa baridi mkononi. Mlango wa mbao ulilia. Mwenye shamba alitupungia mkono. Kondoo walinyeshewa, nikawasogelea ninuse, wananuka sawa, nikageuka kumwambia mtu na hakukuwa na mtu wa kuambiwa. Dada yake Madam aliuvaa ule mkufu siku zote tano, hata juu ya nguo ya kulalia, akaniuliza mara mbili kama mimi ndiye niliyeushona. Mara ya kwanza nilijifanya sijaelewa Kiingereza. Mara ya pili nilisema hapana. Hilo tu ndilo jambo zuri nililofanya safari nzima. Na sikugombana na yeyote, Abdi alikosea hapo.

Madam alirudi kwao kabisa mwaka uliofuata, nikaenda njia yangu, nikaolewa, nikazeeka. Kitengela ilikuwa nyasi na swala, sasa ni mawe na mageti. Naserian alihamia Noonkopir kwa watoto wake, tukakutana tena kwa mama wa mboga, wote tumeota mvi. Alianza kuja. Hatukuwahi kulizungumza, ila mara moja. Tulikuwa tunamenya viazi hapa jikoni, yeye akiwa ameinamisha kichwa, akasema tu, "Siku ile ulikuwa unaangalia kalenda." Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Ng'ombe alikuwa mzuri." Akachukua kiazi kingine. Nilifikiri nimesamehewa, na pengine nilisamehewa. Lakini sikusema neno la pole. Nilikuwa na miaka yote ile ya kulisema, na nilikuwa na mdomo, nyinyi mnaujua mdomo wangu, unafika hadi kwa jirani.

Sasa nimesikia kwa Resiato kwamba aliwapa watoto wake ile nchi yote, kuta, milango, kondoo, kama tulivyoijenga mezani, na hakuweka ndani yake neno moja baya juu yangu. Akawaacha waamini tulienda pamoja. Mimi, kwa mazishi yake, mtoto wake akiniuliza uso kwa uso, nikatafuna wali. Hiyo ni mara ya pili nimenyamaza mahali ambapo neno moja lilitosha, na sina umri wa kungoja ya tatu.

Kwa hivyo leo asubuhi nimewaita wote sebuleni, nikawaambia hivi, na ninaandika ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia. Kevo, weka hivyo viatu, huendi popote. Mpigie Njeri umwambie nafasi ya pili ni ya Resiato, akitaka kuichukua baada ya kunisikia, na asipotaka kuketi na mimi kwa ndege, basi ataenda na mtu wa kwao na mimi nitabaki. Halafu shika njia uende Noonkopir umlete, na usimweleze kitu, hiyo kazi si yako. Wewe Wairimu, mdogo wake Kevo, weka chai, maziwa mengi. Na akishaketi hapa, mtu yeyote asitoke nje, asishike simu, asijifanye anaosha vikombe. Mtakaa wote, mtaniangalia, mpaka nimalize kumwambia.